Koki Nyuma ya Bega

Jioni ya tarehe 12 Oktoba 1997, katika uwanja wa ndege wa Monterey, California, fundi mmoja na rubani walijaribu kutatua tatizo kwa plaizi. Ilikuwa plaizi ya kujifunga, ile ambayo ukishaibana inabaki imeshika hata ukiiachia. Koki ya kuchagua tangi la mafuta ilikuwa nyuma ya bega la kushoto la rubani, na akiwa amekaa mkono wake haukuifikia vizuri. Wakafikiri kwamba plaizi ikibanwa kwenye mpini wa koki, mpini utakuwa mrefu zaidi. Haikusaidia. Fundi akampa rubani kioo kidogo cha ukaguzi, ili aweze kuona geji za mafuta ambazo nazo zilikuwa nyuma yake. Akamuuliza kama anataka kuongezewa mafuta. Rubani akakataa. Alisema ataruka kwa muda wa saa moja hivi tu.

Rubani huyo alikuwa John Denver, mwimbaji wa "Take Me Home, Country Roads", wimbo wa mwaka 1971 ambao wengi wetu tuliusikia redioni kabla hatujajua Kiingereza cha kuuelewa. Alikuwa na umri wa miaka 53. Baba yake alikuwa rubani wa jeshi la anga la Marekani, na yeye mwenyewe alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za urubani. Kuruka hakukuwa kugeni kwake. Ndege ile ndiyo iliyokuwa ngeni. Alikuwa ameichukua jana yake tu, baada ya mafunzo ya kama nusu saa. Saa 11 na dakika 28 jioni, ikianguka pua chini, ndege iliingia baharini karibu na ufuko wa Pacific Grove.

Ripoti ya ajali hiyo niliisoma kwa ajili ya semina ya historia ya teknolojia, katika mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili. Nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu mwanamuziki maarufu na kifo chake, kazi ya kurasa kumi, niikabidhi niendelee na mambo mengine. Lakini nilipofika kwenye sehemu ya koki nilifunga kompyuta nikatoka nje. Nilikuwa naijua koki ile. Niliwahi kuifunga mahali pabaya mimi mwenyewe, au tuseme nililipa ifungwe.

*

Tuanze na ndege. Inaitwa Long-EZ, na haikutoka kiwandani. Mbunifu wake ni Burt Rutan, mhandisi wa jangwa la Mojave, na iliruka mara ya kwanza mwaka 1979. Rutan hakuuza ndege. Aliuza michoro. Ukinunua michoro hiyo, ulipewa maelekezo ya jinsi ya kukata sponji ngumu kwa waya wa moto mpaka ipate umbo la bawa, kisha kuifunika kwa vitambaa vya faibaglasi vilivyolowekwa gundi ya epoksi. Gundi ikikauka unapiga msasa, unarudia, unapiga msasa tena. Watu walifanya kazi hiyo kwenye gereji za magari nyumbani kwao, jioni na wikiendi, kwa miaka.

Matokeo yake ni ndege ya ajabu kuitazama. Bawa dogo liko mbele kwenye pua, mabawa makubwa yako nyuma, na injini iko mkiani ikisukuma badala ya kuvuta. Kwa kuwa uzito wa injini uko nyuma, ndege ikiwa tupu inaweza kuangukia mgongo. Kwa hiyo inapoegeshwa gurudumu la mbele hukunjwa, na ndege huinamisha pua mpaka ikagusa ardhi, kama mtu aliyesujudu. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Rubani hukaa mbele amejiegemeza nusu kulala, fimbo ya kuongozea ikiwa upande wa mkono wa kulia.

Nchini Marekani sheria inaruhusu jambo hili. Ukijenga mwenyewe sehemu kubwa ya ndege kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, inaweza kukupa cheti cha ndege ya majaribio. Kwa macho ya sheria wewe ndiye mtengenezaji, hata kama mchoro ni wa Rutan, na mtengenezaji ana uhuru wa kubadilisha. Hakuna anayekulazimisha kuweka kila kitu pale mchoro unaposema. Chama cha wajenzi wa aina hii, EAA, kilianza mwaka 1953 huko Milwaukee, na ukikitazama kwa karibu utaona kwamba uhuru huo ndio roho yake. Rutan mwenyewe aliacha kuuza michoro katikati ya miaka ya 1980, na sababu mojawapo ilikuwa hofu ya kushitakiwa kwa makosa ya ndege ambazo hakuzijenga yeye.

Sisemi haya kwa kubeza. Ndugu wawili wa Dayton waliotengeneza baiskeli nao walikuwa wajenzi wa nyumbani. Mfumo wa mafuta wa ndege ya Orville na Wilbur Wright, ile iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903, ulikuwa rahisi kuliko wa jiko la mchina: kitangi kidogo kilichofungwa kwenye mhimili karibu na bawa la juu, mrija, na petroli iliyoshuka kwa uzito wake yenyewe. Rubani hakuwa na mafuta ya kuchagua. Hakuwa hata na namna ya kuongeza au kupunguza moto akiwa hewani.

Uchaguzi ulikuja pale ndege zilipopata matangi mawili. Katika Long-EZ matangi yako pande mbili, kushoto na kulia, pale mabawa yanapoungana na kiwiliwili, na yote pamoja hubeba galoni 52 za Kimarekani, karibu lita 197. Yako chini, kwa hiyo mafuta hayawezi kutiririka yenyewe mpaka kwenye injini, lazima yavutwe kwa pampu. Na pampu ina tabia moja mbaya: ukiifungulia matangi yote mawili kwa pamoja, na moja likakauka, itavuta hewa kutoka kwenye lile kavu na kuliacha lenye mafuta. Ndiyo maana pakawekwa koki yenye njia tatu, yaani kushoto, kulia na kufunga. Rubani hulitumia tangi moja kwa muda, kisha huhamia jingine. Akisahau, injini itamkumbusha.

Kila aliyewahi kupanda bodaboda anaijua koki hii. Iko chini ya tangi, karibu na goti la kushoto. Pikipiki ikianza kukohoa katikati ya safari, dereva hashuki. Anashusha mkono wa kushoto, anaipapasa, anaigeuza kuweka rizevu, na safari inaendelea. Abiria wengi hata hawajui kwamba kuna jambo limetokea.

*

Mchoro wa Rutan uliweka koki mbele, kati ya miguu ya rubani, mahali ambapo jicho linaiona na mkono unaifikia. Mjenzi wa ndege ambayo baadaye ilinunuliwa na Denver hakuiweka hapo. Aliifunga kwenye ukuta ulio nyuma ya kiti cha rubani, juu ya bega la kushoto. Sababu yake iko wazi, tena ni ya maana: hakutaka mirija ya mafuta ipite ndani ya chumba cha rubani.

Hofu hiyo ina historia ndefu. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ndege ya DH.4, iliyobuniwa Uingereza na kutengenezwa kwa wingi Marekani, ilikuwa na tangi kubwa la petroli katikati ya rubani na mwenzake wa nyuma. Ikianguka, rubani alibanwa kati ya tangi na injini. Ikipigwa risasi, wote wawili walikuwa jirani wa moto. Wanajeshi wa Marekani waliipachika jina la jeneza liwakalo. Katika toleo la baadaye, DH-4B, Wamarekani walibadilishana nafasi hizo: tangi likaja mbele, rubani akarudishwa nyuma karibu na mwenzake. Somo la kuweka mafuta mbali na mwili lilijifunzwa kwa miili ya watu, na mjenzi aliyehamisha koki yake alikuwa anafuata somo hilo.

Nataka kulisisitiza hili kwa sababu ni rahisi kumcheka. Ukisoma ripoti ukijua mwisho wake, unamwona kama mtu mpumbavu aliyeweka swichi ya taa nje ya nyumba. Lakini yeye alipokuwa na spana mkononi hakuwa na mwisho huo. Alikuwa na picha ya mrija unaovuja petroli kati ya mapaja yake.

Mimi pia nilikuwa na picha ya aina hiyo. Pikipiki ya mdogo wangu ilinunuliwa kwa fedha za baba na sehemu ya bumu langu nililokuwa nimeliweka kidogo kidogo. Aliiendesha kwenye kijiwe cha Soni, akipandisha abiria Lushoto na kuwashusha Mombo. Likizo moja alinibeba, na niliposhuka nikakuta suruali yangu imelowa petroli kwenye goti. Koki ilikuwa inavuja, matone yakidondokea injini ya moto. Nilimlazimisha tuende kwa fundi siku hiyo hiyo.

Fundi alikuwa na koki mbili za mitumba. Ya kwanza mpini wake ulitazama nje kama ule wa zamani, ila mrija ungepita karibu na injini. Ya pili ilikuwa imetoka kwenye pikipiki ya aina nyingine. Matundu ya bolti yalilingana, mrija ungezunguka mbali na joto, lakini mpini ungetazama ndani, upande wa injini. Maandishi yake yalikuwa yamefutika, na rizevu yake ilikuwa chini, wakati ya zamani ilikuwa juu. Mdogo wangu alisema ile ya kwanza inamtosha. Mimi nikasema ya pili. Mimi ndiye niliyekuwa na pesa mkononi, na mimi ndiye niliyekuwa chuo kikuu. Fundi akafunga ya pili.

*

Kuna kauli ambayo hurudiwa sana kuhusu ndege zinazojengwa nyumbani, kwamba anayeijenga anaijua kuliko mtu yeyote. Ni kweli, na ushahidi mzuri unatoka kwa Rutan mwenyewe. Desemba 1986 ndege aliyoibuni, Voyager, iliizunguka dunia kwa siku tisa bila kutua na bila kuongezewa mafuta, ikilikatisha pia bara la Afrika. Ilikuwa na matangi 17. Ndani ya chumba chembamba, Dick Rutan na Jeana Yeager walihamisha mafuta kutoka tangi hadi tangi kwa pampu na koki, wakiandika kila walichohamisha, kwa sababu uzito ukielemea upande mmoja ndege isingeongozeka. Karibu na mwisho wa safari injini ya nyuma ilizimika kwa kukosa mafuta, nao wakashuka kimo huku wakihangaika kurudisha nguvu. Walifika. Walikuwa wameishi na mfumo ule kwa miaka, na mikono yao ilijua kila koki ilipo.

Ndege ya nyumbani ni kama shati la fundi cherehani, imepimwa kwa mwili wa mtu mmoja. Shida huanza inapouzwa. Denver alihitaji mto nyuma ya mgongo ili miguu yake ifike vizuri kwenye pedali. Mto huo ukamsogeza mbele, na ukamsogeza mbali zaidi na koki. Ili kuigeuza, ilimbidi aachie fimbo ya kuongozea, ageuke, na kupeleka mkono wa kulia juu ya bega la kushoto. Koki haikuwa na alama za kuonyesha upande upi ni tangi lipi. Geji za mafuta nazo hazikuwa na namba. Zilikuwa sehemu angavu za ukuta wa tangi ambapo unaona mafuta yenyewe yamefika wapi, na nyingine yote unakadiria. Fundi wa Monterey alikadiria kwamba tangi la kulia lilikuwa chini ya nusu na la kushoto chini ya robo.

Denver aliruka, akagusa njia ya kurukia na kupaa tena mara tatu kama zoezi, kisha akaelekea upande wa bahari. Mashahidi wa ufukweni waliiona ndege ikiwa chini, futi mia chache tu juu ya maji. Baadhi walisikia mlio kama wa kupasuka, na sauti ya injini kupungua. Halafu wakaiona inapinduka na kushuka.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walifanya jambo ambalo sisi wa historia ni nadra kuweza kulifanya: waliurudia wakati uliopita kwa miili yao. Waliketi katika ndege ya aina hiyo na kujaribu kuifikia koki ikiwa nyuma ya bega. Wakagundua kwamba mtu akijipinda hivyo, mguu wa kulia hutafuta mahali pa kujikaza, na mahali penyewe ni pedali ya kulia. Huikanyaga bila kujua. Ndege hugeuza pua kulia, na huku mkono hauko kwenye fimbo.

Januari 1999 bodi ilitoa uamuzi wake. Sababu ilikuwa kwamba rubani aliondoa umakini wake kwenye kuiongoza ndege, akakanyaga pedali ya kulia bila kukusudia alipokuwa akihangaika na koki. Sababu pia ilikuwa maandalizi hafifu, hasa kutoongeza mafuta. Kisha yakafuata mambo yaliyochangia: uamuzi wa mjenzi kuweka koki isiyo na alama mahali pagumu kufikika, geji zisizo na alama, mafunzo yasiyotosha, na uzoefu mdogo wa rubani na ndege ya aina ile.

Soma mpangilio huo tena. Aliyekufa ndiye sababu, koki ni mchango.

*

Mdogo wangu alianguka miezi minne baada ya mimi kurudi chuoni. Alikuwa peke yake, akipanda kutoka Soni jioni. Pikipiki ilikohoa kwenye kona, akashusha mkono. Watu waliokuwa nyuma yake walisema waliona anainama kushoto, kisha pikipiki ikakata barabara kwenda kulia, upande wa magari yanayoshuka, na kuingia mtaroni. Hakukuwa na gari lililokuwa likishuka. Alivunjika mfupa wa mguu chini ya goti, akakaa nyumbani zaidi ya miezi mitatu.

Hukumu ilitoka haraka kuliko ya bodi ya Marekani. Kijiweni walisema uzembe. Baba alisema uzembe. Wengine waliongeza usingizi, kwa sababu mtu aliyeinama kushoto anakwendaje kulia kama si kusinzia? Mimi niliyekuwa mbali nilipiga simu, na baada ya pole nikamwambia, "Si ungejaza mafuta kabla ya kupanda?" Alikaa kimya, kisha akasema, "Ni kweli, dada." Tukaongea mengine. Kuhusu koki sikusema neno, na yeye hakusema.

Nilichokuwa nimesema kilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonifanya nifunge kompyuta nilipofika kwenye neno la bodi kuhusu kutoongeza mafuta. Denver aliulizwa, akakataa, na hakuna anayeweza kumwondolea hilo. Mdogo wangu alipita kituo cha mafuta bila kusimama. Lakini ukweli huo mmoja, ukitangulizwa na kupigwa muhuri, unatosha kufunga jalada, na wote tuliokuwa na mkono katika jambo lile tunaenda nyumbani kulala.

Kuna wataalamu waliokataa kulala. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakiwa bado kwenye njia wanakunja magurudumu na ndege inalalia tumbo. Iliandikwa kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikwenda kutazama chumba chenyewe. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kutulia ziko bega kwa bega, zinafanana. Dawa yake ilikuwa kuzipa maumbo: moja ikabandikwa kipande chenye umbo la gurudumu, nyingine kipande chenye umbo la kabari, ili vidole vijue hata gizani. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 460 ambavyo vilikuwa vikiitwa makosa ya marubani katika kutumia vidhibiti, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu walioshika kidhibiti kimoja wakidhani ni kingine. Miaka 50 kabla ya Monterey, elimu hii ilikuwa imekwisha kuandikwa. Haikufika kwenye gereji ambamo mtu alikuwa akitafuta mahali pa kufunga koki yake, wala haikulazimika kufika, kwa kuwa uhuru wa mjenzi ndio ulikuwa maana ya mchezo wenyewe.

Mwaka 2012 NTSB ilitoa utafiti kuhusu ndege zinazojengwa nyumbani. Zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za Marekani, lakini mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 ya ajali zote za kundi hilo na asilimia 21 ya zile za vifo. Hatari ilijikusanya kwenye saa za mwanzo za ndege mpya, na tena ndege ilipoingia mikononi mwa mmiliki wa pili. Miongoni mwa mapendekezo yao lilikuwamo hili: mfumo wa mafuta ujaribiwe na majaribio hayo yaandikwe, kabla ya mtu kuruka. Wazee wetu wangesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila katika habari ya mjenzi wa Long-EZ, na katika yangu, ufa uliletwa na kuziba kwenyewe. Tulikuwa tunakimbia moto.

*

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani na ripoti ile kwenye simu. Mguu wa mdogo wangu ulikuwa umepona, anatembea, lakini pikipiki ilikuwa bado imeegemezwa nyuma ya banda la kuku. Nilimwomba aikalie. Alidhani natania. Nikasimama nyuma nikaishikilia isiyumbe, nikamwambia, "Sasa imekohoa. Weka rizevu."

Alishusha mkono wa kushoto. Vidole vilikwenda mahali pa zamani, pakawa patupu. Akainama zaidi kuupata mpini uliotazama ndani. Kiwiliwili chote kiliposhuka kushoto, mkono wa kulia uliobaki kwenye usukani ukanyooka, kisha ukavuta. Usukani ukageuka kulia. Nilimwambia arudie. Ukageuka kulia. Mara ya tatu aliusikia mwenyewe mkononi, akaacha na kuukodolea macho.

"Kumbe sikusinzia," alisema.

Alikuwa ameanza kuamini kwamba alisinzia. Miezi yote ile alikuwa amelala na kuamka na maelezo ya kijiweni, mpaka yakawa kumbukumbu yake. Nilimwambia kuhusu siku ile kwa fundi, kwamba ni mimi niliyechagua. Alijibu kwamba anakumbuka, na kwamba hata hivyo mafuta angejaza. Hatukuelewana kabisa ni nani abebe kiasi gani, na sidhani kama kuna mizani ya kutupimia. Baadaye nilimweleza baba, naye alisikiliza mpaka mwisho, akauliza koki mpya ni shilingi ngapi.

Tulinunua mpya dukani, yenye mpini wa kutazama nje, na fundi akaufunga mrija kwa kamba ya waya kwenye fremu, mbali na injini. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo. Siku ile ya kwanza hakuna aliyemuuliza. Koki mpya ilikuwa na herufi, lakini ndogo, na kwa kuwa zitafutika, mdogo wangu alichukua rangi ya kucha ya mama akapaka nukta nyekundu upande wa rizevu. Kisha akakaa kwenye kiti, akafumba macho, akashusha mkono. Aliipata. Akafumba tena, akaipata tena, nami nilisimama mbele ya taa nikiutazama usukani, ambao safari hii haukugeuka.